Taa Inawaka, Kompyuta Haioni Kitu: Maswali na Majibu

Karibu maswali yote ya safari hii yamekuja na neno moja: haisomi. Arduino haisomi, ESP haisomi (bodi ndogo za kielektroniki zinazopandishiwa programu kutoka kompyuta kwa waya wa USB), bodi mpya kabisa haisomi. Neno hilo lina hitilafu tatu ndani yake zisizofanana hata kidogo. Kuna kompyuta isiyojua kabisa kwamba umechomeka kitu. Kuna inayojua kuna kitu lakini haikielewi. Na kuna inayokielewa vizuri, poti (mlango wa mawasiliano) imejitokeza, ila programu haipandi. Dawa ya moja haitibu nyingine. Anayerudia kuweka draiva (programu inayoisaidia kompyuta kukielewa kifaa) mara nne huku waya wake hauna nyuzi za data anamaliza bando bure.

Basi kabla hujagusa chochote, jua uko wapi. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Device Manager, iache wazi, kisha chomeka na kuchomoa bodi huku unaitazama orodha. Kwenye Linux fungua terminali, andika sudo dmesg -w, halafu chomeka. Orodha isipotikisika na mstari mpya usipotokea, uko kwenye hitilafu ya kwanza. Tuanzie hapo.

Nimenunua ESP32 Kariakoo. Taa nyekundu inawaka, lakini laptopu haitoi hata mlio. Draiva nimeshaweka za kila aina. Muuzaji anasema bodi ni nzima. — Mwanafunzi, Kijitonyama

Muuzaji huenda anasema kweli. Taa nyekundu inathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme umefika. Haisemi lolote kuhusu data.

Waya kamili wa USB wa aina unayotumia una nyuzi nne ndani: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya GND (hasi), na mbili za data, ambazo kwa kawaida ni nyeupe (D-) na kijani (D+). Nyaya nyingi zinazokuja na pawabenki, spika ndogo, tochi na mashine za kunyolea zina nyekundu na nyeusi peke yake. Zinachaji vizuri, bodi inawaka, na kompyuta haitakaa ijue kwamba kuna kitu upande wa pili. ESP32 nyingi zinatumia soketi ya mikro-USB, na nyaya za mikro-USB zisizo na data ndizo zilizojaa majumbani. Mwenye Arduino Uno yenye soketi ya mraba ana nafuu kidogo: waya wake ni uleule wa printa, na printa haichajiwi, kwa hiyo waya wa printa usio na data ni nadra kuukuta.

Kipimo cha haraka ni simu ya zamani yenye soketi ya mikro-USB. Iunganishe na laptopu kwa waya huohuo, fungua loki ya skrini, vuta chini sehemu ya taarifa. Ukiona chaguo la kuhamisha mafaili na kompyuta ikaliona, waya una data. Simu ikibaki kusema inachaji tu, utilie shaka waya, kisha jaribu wa pili kwenye simu ileile ili usiisingizie simu.

Mwenye multimita ana jibu la uhakika zaidi. Iweke kwenye mlio wa mwendelezo. Ule upande mpana unaoingia kwenye kompyuta una vibati vinne: viwili vya pembeni ni vya umeme, viwili vya katikati ni vya data. Upande wa mikro una pini tano ndogo mno, kwa hiyo funga sindano nyembamba ya kushonea kwenye ncha ya mita. Pini ya pili na ya tatu ndizo za data. Ya nne usiihangaikie, ndani ya waya wa kawaida haijaunganishwa popote. Kibati cha kati upande mpana kisipopiga mlio na pini yoyote upande wa pili, waya huo urudishe kwenye chaja na uufunge utepe mwekundu usije ukakusumbua tena.

Ukienda kununua mwingine, maandishi ya pakiti yasikutulize. Nenda na simu na laptopu, jaribu pale pale kaunta kabla hujalipa. Muuzaji anayekataa kipimo cha sekunde kumi amekwisha kukujibu.

Waya ukithibitika na bado kimya, badilisha poti ya USB ya kompyuta. Kwenye kompyuta za mezani za mtumba, poti za mbele mara nyingi zimelegea au waya wake wa ndani haukurudishwa mahali pake. Tumia za nyuma. Kisha pima kwenye bodi: kati ya VIN (pini ya umeme unaoingia) na GND utegemee karibu volti 5, kati ya 3V3 na GND karibu 3.3. Ukipata 5 lakini 3.3 haipo na kile kirekebisha volti kidogo chenye miguu mitatu kinaunguza kidole, kuna shoti mbele yake. Ondoa kila ulichounganisha, pima tena. Ikiwa bado inaunguza bodi ikiwa tupu, bodi ndiyo mbovu, na sasa una hoja ya kumrudia muuzaji.

Uno yangu ilianguka kutoka mezani. Sasa Windows inaandika "Unknown device (Device Descriptor Request Failed)" na Code 43. Nitafute draiva gani? — Msomaji, Tabata

Usitafute. Ujumbe huo unatokea kabla suala la draiva halijafikiwa.

Ukichomeka bodi, rizista ya kilo-omu 1.5 inavuta uzi wa D+ juu, na hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba kuna mgeni mlangoni. Kompyuta inauliza: wewe nani? Mgeni anatakiwa ajibu kwa kutaja namba zake, na namba hizo ndizo zinazotumika kuchagua draiva. Kwako hodi imesikika, jina halikutajwa. Draiva ya nani utaiweka?

Kwa bodi iliyoanguka, mtuhumiwa wa kwanza ni kristali. Uno nyingi za bei nafuu zinatumia chipu ya CH340G, ambayo haiwezi kuzungumza USB bila kristali ya megahezi 12 iliyo pembeni yake, kile kidude cha fedha chenye umbo la yai lililobanwa. Kristali ni kipande chembamba cha kwatzi ndani ya kopo, na kikidondoka hupasuka bila kuonyesha alama nje. Fundi wa simu mwenye mkono mzuri anaibadilisha kwa dakika chache. Mpelekee yenye namba 12.000. Angalia usichanganye na ya 16.000, hiyo ni ya chipu kuu. Kama chipu yako imeandikwa CH340C, haina kristali ya nje, kwa hiyo songa mbele.

Mtuhumiwa wa pili ni soketi ya USB yenyewe. Chukua kioo cha kukuzia, tazama miguu yake chini ya bodi: duara jembamba jeusi kuzunguka mguu maana yake lehemu imepasuka. Iguse upya kwa risasi kidogo. Uzi mmoja wa data ukiachia na mwingine ukabaki, unapata ujumbe huohuo ulioutaja.

Bodi ambayo haikuanguka lakini inatoa Code 43, hasa iliyokaa muda karibu na bahari, kule Kigamboni au Kunduchi, itazame ndani ya soketi. Ukiona ukijani au unga mweupe, hiyo ni kutu ya shaba iliyoletwa na unyevu wenye chumvi. Isugue kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili, iache ikauke kabisa. Tina ya rangi iache kwa wapaka rangi, inakula plastiki. Na kabla ya yote hayo, ng'oa nyaya zote zilizo kwenye bodi na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila habu (kigawa poti), kwa sababu shoti ndogo kwenye bredibodi (ubao wa majaribio) inaweza kuigiza ugonjwa huu vizuri sana.

Arduino Nano yangu inaonekana kama "USB Serial" yenye pembetatu ya njano, Code 28. Kwenye Arduino IDE (programu ya kuandikia na kupandishia) hakuna poti. Nimepakua programu ya kutafuta draiva yenyewe, sasa kompyuta imejaa matangazo. — Mhitimu, Mbezi

Pole. Hizo programu zinazojidai kutafuta draiva zote ziondoe leo, kisha piga skani ya virusi. Unahitaji faili moja dogo tu, na kulijua lipi ni kazi ya dakika moja.

Bonyeza kulia kwenye hicho kifaa chenye pembetatu, chagua Properties, nenda Details, kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona herufi VID na PID. Hizo ndizo namba ambazo bodi imejitaja nazo. VID_1A86 na PID_7523 ni CH340, na Nano nyingi za Kichina ni hiyo. Draiva yake inatoka kwa WCH, watengenezaji wa chipu. 10C4 na EA60 ni CP2102 ya Silicon Labs, utaikuta kwenye ESP32 nyingi. 0403 na 6001 ni FT232R ya FTDI. 2341 ni Arduino halisi, na draiva yake inakuja pamoja na Arduino IDE. Pakua kutoka kwa mtengenezaji, weka, chomoa bodi, chomeka tena. Chini ya Ports itatokea COM yenye namba.

Kuna vituko viwili vinavyowapata wenye adapta za bei ya chini. Cha kwanza: kifaa kinaandika "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012". Prolific wameiwekea draiva yao mpya kizuizi dhidi ya chipu za zamani na za kuigiza. Unaweza kurudi kwenye draiva ya zamani, ila Windows ikijisasisha unarudi ulikotoka. Sisi tunaona ni heri kununua adapta ya CH340 na kupumzika. Cha pili: adapta inayojitaja 0403 na 0000. Mwaka 2014 draiva ya FTDI ilikuwa ikifuta PID ya chipu bandia na kuandika sifuri, na adapta zilizopatwa na hilo bado unaweza kukutana nazo kwenye makopo ya mafundi. Kwenye Linux nyingi huwa bado zinafanya kazi.

Natumia Ubuntu 22.04. Nikichomeka bodi ya CH340, ttyUSB0 inatokea kisha inapotea hapo hapo. Bodi ileile kwenye Windows ya rafiki yangu inafanya kazi. — Mwanachuo, Ubungo

Bodi nzima, waya mzima. Tazama dmesg kwa makini, utaona mstari wenye neno hili:

usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1

Na unaofuata unasema kibadilishaji kimekatwa kutoka ttyUSB0. Brltty ni programu inayohudumia vifaa vya nukta nundu kwa wasioona. Kuna kifaa cha aina hiyo kinachotumia namba zilezile 1A86:7523, kwa hiyo brltty ikiona bodi yako inadhani ni mgeni wake na inampokonya. Kama kompyuta haitumiwi na mtu anayehitaji huduma hiyo:

sudo apt remove brltty

Chomoa, chomeka, kazi imekwisha. Kama kuna anayeihitaji, usiifute. Fungua faili la /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules kwa sudo, tafuta mstari wenye 1A86/7523, weka alama ya # mwanzoni mwake, hifadhi, washa upya kompyuta.

Sasa utakutana na la pili: "Permission denied" kwenye /dev/ttyUSB0. Jina lako la mtumiaji halimo kwenye kundi linaloruhusiwa kugusa poti. Andika sudo usermod -a -G dialout $USER, kisha toka kwenye akaunti uingie upya. Wengi wanaruka hatua ya kutoka na kuingia, wanaona amri haikusaidia, wanaanza kuendesha IDE kwa sudo. Ukifanya hivyo mafaili yako yatakuwa mali ya root na utaanza kilio kipya kesho.

Shikamooni. Nafundisha klabu ya sayansi sekondari. Tuna Nano kumi, poti zinaonekana zote, lakini sita zinakataa programu: "stk500_getsync() attempt 10 of 10: not in sync: resp=0x00". Bodi zote zimenunuliwa siku moja. — Mwalimu, Temeke

Marahaba, Mwalimu. Bodi kuonekana na bodi kupokea programu ni mambo mawili, na zako zimeshavuka la kwanza. Kununuliwa siku moja hakufanyi butiloda zake ziwe moja. Butiloda ni kile kiprogramu kidogo kinachoamka bodi ikiwashwa upya na kupokea programu yako. Nano za zamani, na nyingi za kuigiza hadi leo, zina butiloda inayoongea kwa kasi ya 57600. Mpya zinaongea kwa 115200. IDE ikipiga simu kwa kasi isiyo yake, bodi haisikii neno, na ndipo unapopata "not in sync".

Kwenye menyu ya Tools nenda Processor, badilisha kutoka ATmega328P kwenda ATmega328P (Old Bootloader), pandisha tena. Tunatarajia nyingi kati ya hizo sita zitakubali hapo. Zikikubali, bandika karatasi nyuma ya kila moja yenye neno "zamani", maana wanafunzi watazichanganya kabla ya kengele.

Zitakazobaki, ziangalie pini 0 na 1. Hizo ndizo njia ambayo programu hupitia ikitoka kwenye chipu ya USB kwenda chipu kuu. Kikundi kilichoweka HC-05 ya bluetuthi au moduli ya GSM kwenye pini hizo kimeweka watu wawili kwenye simu moja. Ng'oeni, pandisheni, ndipo mrudishe. Hakikisheni pia Serial Monitor haijafunguliwa kwenye dirisha jingine. Hiyo hutoa ujumbe tofauti, "Access is denied", lakini darasani hujichanganya na mengine.

Bado moja au mbili? Fanyeni kipimo cha mwangwi. Toa kila kitu kwenye bodi. Unganisha RST (pini ya kuwasha upya) na GND kwa jampa (kiwaya kifupi), ili chipu kuu inyamaze. Unganisha pini 0 na pini 1 kwa jampa nyingine. Fungua Serial Monitor, andika neno, tuma. Neno likirudi kama ulivyoliandika, basi waya, draiva, poti na chipu ya USB vyote ni vizima, na tatizo limebaki kwenye chipu kuu au butiloda yake. Lisiporudi, tatizo liko upande wa USB. Ni kipimo kizuri hata kwa kufundishia, kwa sababu kinaigawa bodi katikati na mwanafunzi anaona mwenyewe nusu ipi ni mbovu.

Butiloda iliyofutika inarudishwa kwa Uno nyingine. Pandisha kwenye Uno mfano unaoitwa ArduinoISP, unganisha pini 11, 12 na 13 za Uno na 11, 12 na 13 za Nano, pini 10 ya Uno kwenye RST ya Nano, 5V na GND. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya Uno, mguu wa chanya ukiwa RESET. Chagua programa "Arduino as ISP", kisha Burn Bootloader.

ESP32 inaandika Connecting kisha nukta nyingi, mwisho "Wrong boot mode detected (0x13)". Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine hapana. — Msomaji, Sinza

ESP32 inaamua itafanya nini sekunde ileile inapowashwa, kwa kuangalia pini ya GPIO0. Ikiwa chini, inasubiri programu mpya. Ikiwa juu, inaendesha iliyopo. IDE inajaribu kuishusha GPIO0 yenyewe kupitia transista mbili zilizo karibu na chipu ya USB, ila kwenye bodi nyingi za bei ya chini EN (pini ya kuwasha chipu) inapanda haraka mno, na GPIO0 inakuwa haijashuka. Ndiyo maana leo inakubali, kesho inakataa.

Kwa mkono: bonyeza kupandisha programu, na ukiona "Connecting" shikilia kitufe cha BOOT mpaka uone "Writing", ndipo uachie. Ikiwa BOOT peke yake haitoshi, shikilia BOOT, gusa EN mara moja, achia EN, kisha BOOT. Dawa ya kudumu ni kapasita ya mikrofaradi 10, chanya kwenye EN, hasi kwenye GND. Inaichelewesha EN kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha.

Ikiwa hata kwa mkono inakataa, tazama umeunganisha nini kwenye GPIO0, GPIO2 na GPIO12. GPIO2 nayo inatakiwa iwe chini au iachwe wazi wakati wa kupandisha programu. GPIO12 ina ujanja wake: ikiwa juu wakati wa kuwaka, chipu inaipa kumbukumbu yake volti 1.8 badala ya 3.3, na bodi inaonekana kama imekufa. Sensa yenye rizista ya kuvuta juu kwenye GPIO12 inaleta balaa hilo. Ihamishie GPIO25 au 26.

Raspberry Pi Pico mpya haitoi poti yoyote. — Msomaji, Kimara

Mpya kabisa haina programu ndani, kwa hiyo haina poti ya kutoa. Ichomoe, shikilia BOOTSEL, chomeka huku umeshikilia, achia. Itatokea kama fleshi yenye jina RPI-RP2, na unadondosha humo faili la programu la aina ya UF2, la MicroPython kwa mfano. Fleshi isipotokea, rudi juu kasome habari za waya.

Bodi yangu ya Type-C haiwaki kabisa nikitumia waya wa Type-C pande zote mbili, lakini nikitumia waya wa kawaida upande wa laptopu inawaka. Poti ya laptopu ni mbovu? — Msomaji, Mikocheni

Si mbovu, inafuata sheria. Poti ya Type-C haitoi umeme mpaka ione rizista ya kilo-omu 5.1 kwenye pini za CC (za utambulisho) za kifaa. Mtengenezaji wa bodi yako hakuziweka rizista hizo ili apunguze gharama. Waya wa Type-A kwenda Type-C hauulizi, unatoa volti 5 moja kwa moja. Endelea na huo.

Uno inawasha pampu ya tangi kupitia relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Kila pampu ikianza, poti inapotea na inabidi nichomoe na kuchomeka upya. — Msomaji, Mbagala

Ama volti 5 inashuka, ama cheche za pampu zinaivuruga USB. Kuna njia rahisi ya kujua ni lipi. Zima swichi kuu ya pampu, chomoa plagi yake ukutani kabisa, kisha acha relei igonge peke yake mara ishirini. Poti ikipotea hata hivyo, tatizo ni umeme. Ikibaki imara, ni pampu.

Kama ni umeme, hesabu. Koili ya relei ndogo ya volti 5 inakula karibu miliampia 70. Relei nne zikiwaka pamoja ni karibu 300, na poti ya USB 2.0 imepangiwa 500 kwa vyote, ikiwemo Uno yenyewe na sensa zako. Ongeza waya mwembamba wa mita tatu, volti zinapungukia njiani. Relei zipe chaja yake ya volti 5, unganisha GND zake na za Uno, na USB ibaki ya data na Uno tu. Waya wa USB usizidi mita moja.

Kama ni pampu, mota yake ikikatwa inarusha cheche kwenye ncha za relei, na cheche hiyo inasikika kwenye nyaya zote za jirani. Weka rizista ya omu 100 mfululizo na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya aina ya X2, yenye volti 275 za AC au zaidi, sambamba na ncha za relei. Iwe X2 kweli. Kapasita ya kawaida kwenye volti 230 inapasuka. Tenganisha nyaya za pampu na waya wa USB angalau kwa shubiri mbili. Kazi hii ifanywe umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, na kama hujawahi kufungua kitu cha volti 230, mwite fundi umeme aje akusimamie.

Jambo moja dogo la pembeni: laptopu inayokuchomachoma vidole ukigusa mwili wake wa chuma ikiwa kwenye chaji, kwa kawaida chaja yake haina ethi, au ethi ya nyumba haipo. Kabla ya kuunganisha Uno iliyofungwa kwenye mitambo yenye ethi, ichomoe chaja, tumia betri.

Nimejaribu nyaya tatu na kompyuta mbili, chipu ya USB ya Nano inachemka. Naitupa? — Fundi, Buguruni

Usiitupe, Fundi. Chipu ya USB imekufa, chipu kuu pengine inapumua. Tafuta adapta ya USB kwenda siriali, ya CH340 au CP2102. TX (ya kutuma) ya adapta iende RX0 ya Nano, RX (ya kupokea) ya adapta iende TX1, GND kwa GND, 5V kwa 5V. Usichomeke tena USB ya Nano yenyewe. Kati ya chipu ya USB na chipu kuu kuna rizista za kilo-omu moja, kwa hiyo ile iliyokufa haitazuia adapta yako kusikika.

Kwa kuwa chipu mbovu inaendelea kunyonya umeme, pima joto lake baada ya dakika mbili. Ikiunguza, ing'oe kwa hewa ya moto, Nano haiihitaji tena.

DTR ya adapta (pini ya ishara ya kuwasha upya) ipitishe kwenye kapasita ya nanofaradi 100 kwenda RST, hapo bodi itajiwasha upya yenyewe kila ukipandisha programu. Adapta isiyo na DTR nayo inafaa: bonyeza kitufe cha reset cha Nano na ukishikilie, subiri IDE imalize kukusanya na iandike "Uploading", achia papo hapo. Ukichelewa utaiona "not in sync". Rudia, mkono utazoea.